Kuanzia Mwisho: Mawindo ya Kwanza ya Shemeji Yangu Huko Idaho

Mwindaji wa kisa hiki ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Alizaliwa Fizi, mashariki mwa Kongo, akakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na sasa anaishi Boise, Idaho. Anafanya kazi zamu ya usiku, ana watoto wadogo, na gari lake ni dogo la kwendea kazini, halina nguvu ya kupanda njia za mawe. Kabla ya safari hii alikuwa hajawahi kumpiga risasi mnyama yeyote. Nilipomuuliza anatafuta nini huko porini, alijibu kwa neno moja: nyama. Pembe za kutundika ukutani hazikumshughulisha, na jibu hilo ndilo lililoongoza mpango mzima.

Mnyama mwenyewe ni kulungu baghala, Odocoileus hemionus kwa jina la kisayansi, yule mwenye masikio marefu kama ya baghala, matako meupe na mkia mwembamba wenye ncha nyeusi. Akishtuka haendi mbio kama swala. Hurukaruka kwa miguu yote minne kwa pamoja, halafu mara nyingi husimama juu ya mgongo wa kilima na kugeuka kuangalia kilichomtisha. Anaishi Magharibi ya Amerika Kaskazini, toka jangwani hadi kwenye theluji. Kwa mtu wa Boise, si mnyama wa mbali hata kidogo. Na hapo ndipo ugumu ulipoanzia.

Shemeji alikuwa ameshachagua mahali kabla hajaja kwangu. Mwezi Januari, akiendesha kwenye Barabara ya 21 karibu na bwawa la Lucky Peak, alikuta kulungu kwa makundi wakila kwenye vilima vilivyo wazi, wengine karibu kabisa na lami. Akapiga picha, akaweka alama kwenye simu. "Shemeji," akaniambia, "wamejaa pale kama mbuzi wa kufugwa. Mbona watu wanahangaika kupanda milima?"

Wale walikuwa kulungu wa Januari. Vilima vya karibu na Boise ni makazi yao ya kipupwe. Theluji inapofunika milima ya juu, kulungu wa bonde zima la mto Boise hushuka hadi pale ambapo bado wanaweza kufikia vichaka vya sejibrashi na bitabrashi. Theluji ikiyeyuka, hupanda tena, wengine makumi ya kilomita. Safari hizi si za kubahatisha. Huko Wyoming watafiti waliwafunga kulungu kola za GPS wakaona njia ya kilomita 240 hivi kati ya Jangwa Jekundu na bonde la Hoback, ikirudiwa na wanyama wale wale mwaka hadi mwaka. Msimu wa jumla wa bunduki kusini mwa Idaho huanza Oktoba 10, wakati wengi wao hawajashuka bado. Mtu anayekwenda Lucky Peak siku hiyo kwa sababu ya picha za Januari anaweza kutembea kutwa asione hata mavi mabichi.

Mwezi Agosti akapata mtego wa pili. Alipanda na watoto kupiga kambi, na asubuhi moja wakaona madume matatu juu kabisa, mahali peupe, pembe zao bado zimefunikwa ngozi laini. Alama nyingine kwenye simu. Hii ilikuwa na thamani zaidi ya ile ya Januari, lakini nayo ilihitaji kusomwa kwa uangalifu. Wakati pembe zinakua, madume hupenda sehemu wazi zenye majani mazuri na upepo. Mwanzoni mwa Septemba hukwangua ile ngozi, na tabia hubadilika. Makundi ya madume huanza kuvunjika, kila mmoja huingia kwenye kivuli, hasa miteremko inayotazama kaskazini yenye miti, na kutoka hutoka alfajiri na magharibi tu. Msimu wa kupandana, ambapo dume husahau usalama wake na kufuata majike mchana kweupe, hufikia kilele katikati ya Novemba. Oktoba iko katikati ya hayo mawili. Ndio mwezi mgumu kuliko yote kumwona dume, na ndio mwezi ambao mwindaji mpya hupewa kwa sababu tagi zake, yaani vibali vya kuua mnyama mmoja, hupatikana bila kuingia kwenye bahati nasibu ya waombaji.

Nitapita haraka kwenye makaratasi, ingawa hayakuwa madogo. Idaho humtaka kila aliyezaliwa tarehe 1 Januari 1975 au baadaye awe na cheti cha mafunzo ya uwindaji ndipo anunue leseni. Ukishakaa jimboni miezi sita unahesabiwa mkazi, na leseni pamoja na tagi ya kulungu havifiki dola 50. Anayetoka jimbo jingine hulipa mamia. Kuhusu bunduki, wasomaji walioko Marekani wazingatie jambo moja: sheria ya shirikisho huwakataza kushika silaha watu walioingia kwa viza za muda, kama za masomo au utalii, isipokuwa wakiwa na msamaha maalumu, na leseni halali ya uwindaji ni mmojawapo. Shemeji ana grini kadi, kwa hiyo hakuguswa na katazo hilo. Hata hivyo alilisoma mara mbili. Kwa mtu aliyekulia kambini hilo halishangazi. Kwenye kambi za Kigoma nyamapori ililiwa jioni milango ikiwa imefungwa, ikaitwa mchicha wa usiku, na aliyekamatwa nayo alijua kinachomngoja. Karatasi yenye jina lake inayosema anaruhusiwa kuua kulungu mmoja aliitunza kama hati ya nyumba.

Sasa mpango wenyewe. Wawindaji wengi wapya huuliza kwanza kulungu wako wapi. Mimi nilimwomba shemeji aanze na swali la mwisho: nyama itafikaje kwenye friza? Dume la miaka miwili hutoa kilo 25 hivi za nyama safi isiyo na mfupa. Mapaja na mikono ikibebwa na mifupa yake, mzigo hukaribia kilo 40, juu yake kuna bunduki, maji na nguo. Mchana wa Oktoba kwenye milima ile joto linaweza kufika nyuzi 20, na ngozi ya kulungu wakati huo ina manyoya mazito ya kipupwe yanayohifadhi joto ndani ya nyama hata baada ya moyo kusimama. Kwa hiyo una saa chache. Sisi wawili, mmoja akiwa ni mtu wa kazi za usiku asiye na mazoezi ya mlima, tuligawa mzigo huo kichwani kabla ya kugusa ramani, tukapata kipimo: si zaidi ya kilomita mbili na nusu kutoka kwenye gari, na njia ya kurudi iwe ya kushuka.

Kipimo hicho kilifuta sehemu kubwa ya alama zake. Madume ya Agosti yalikuwa ng'ambo ya korongo mbili. Mtu angeweza kuwafikia, hata kumpiga mmoja, kisha akapanda korongo mbili na nyama mgongoni, mara nne au tano, gizani. Nimeona watu wazima wakilia kwenye njia kama hizo. Sheria ya Idaho inakataza kuiacha nyama inayolika ikaoze, na hata isingekataza, mtu aliyefuata nyama hawezi kuitelekeza nusu yake mlimani.

Kipimo cha pili kilikuwa gari. Kila msitu wa taifa una ramani ya bure inayoonyesha njia zipi zimefunguliwa kwa magari na kwa miezi gani. Watu hupuuza ramani hii kwa sababu haina rangi za kuvutia, wakatumia programu za simu peke yake. Programu ni nzuri kwa kujua ardhi ipi ni ya umma na ipi ni shamba la mtu, na hilo ni la lazima, kwani kuingia kwenye ardhi ya mtu bila ruhusa ni kosa. Lakini mstari kwenye programu si ahadi kwamba njia hiyo iko wazi. Tulichoamua ni kubaki upande wa Idaho City, kilomita 60 hivi kutoka Boise, kwa sababu Barabara ya 21 ni lami tupu hadi juu ya kipito cha Mores Creek, karibu mita 1,865 kutoka usawa wa bahari. Gari dogo linafika. Huko ni ndani ya Kanda ya 39, mojawapo ya kanda za uwindaji za Idaho, ile ya bonde la mto Boise, inayovuta wawindaji wengi kwa sababu iko karibu na mji.

Kipimo cha tatu ni chakula, na hapa moto ulitusaidia. Mwaka 2016 moto wa Pioneer uliunguza zaidi ya ekari 188,000 upande ule. Anayepita kwa gari huona vigogo vyeusi na kusema msitu umekufa. Kulungu huona vingine. Jua likifika ardhini baada ya miti kuungua, huota majani na vichaka, vingine vikiwa vya aina ambayo mbegu zake hulala udongoni miaka mingi mpaka joto la moto liziamshe. Kwa miaka kadhaa baada ya moto, chakula kiko kwenye kimo cha mdomo wa kulungu. Tatizo ni kwamba eneo lililoungua lote halina kivuli. Kwa hiyo kwenye picha za setilaiti tulitafuta mipaka: mahali ambapo moto ulirukaruka ukaacha vipande vya misonobari mibichi upande wa kaskazini, huku upande wa mashariki na kusini ukiwa umejaa vichaka. Kitanda na meza ya chakula vikiwa vimetenganishwa na mgongo mmoja mwembamba wa kilima. Tulipata sehemu tatu za namna hiyo ndani ya kipimo cha kilomita. Zilipo hasa sitaandika. Anayewinda ataelewa.

Mwishoni mwa Septemba tulikwenda kuzikagua kwa miguu, mchana, bila bunduki. Ukaguzi wa aina hii una kazi mbili tu. Kwanza, kuthibitisha kwamba wanyama wapo sasa, si mwezi uliopita: mavi yenye kung'aa, nyayo zenye kingo kali, malalo yaliyokwanguliwa chini ya miti, matawi yaliyochubuliwa na pembe. Pili, kutafuta kiti, yaani mahali pa kukaa ng'ambo ya mteremko unaotazamwa, jua la asubuhi likiwa mgongoni, na njia ya kufika hapo gizani bila kupita katikati ya kulungu wenyewe. Sehemu moja ilikuwa na nyayo nyingi kuliko zote lakini haikuwa na kiti. Kila mahali ulipoweza kukaa, upepo ulikuwa unakwenda kwao. Shemeji aliisikitikia, tukaiweka ya tatu.

Juu ya upepo niseme kidogo zaidi, maana milimani ndio unaoharibu mawindo mengi kuliko macho mabovu. Alfajiri hewa baridi ni nzito, hutiririka kushuka bonde. Jua likipasha mteremko, hewa hupanda, na kati ya hali hizo mbili kuna muda wa kuyumbayumba ambapo harufu yako inaweza kwenda popote. Jioni hushuka tena. Kwa hiyo mahali pazuri pa saa moja asubuhi panaweza kuwa pabovu saa nne. Tuliandika kwenye kila alama saa ya kuondoka, siyo saa ya kufika tu.

Shabaha ilikuwa somo lake peke yake. Nilimwazima bunduki ya risasi za .308, tukaipanga uwanjani ipige katikati kwa yadi 200. Kwenye benchi kila mtu ni bingwa. Tuliacha benchi. Tulitumia sahani za karatasi za sentimita 20, ukubwa wa kutosha kuwakilisha moyo na mapafu, na sharti likawa kwamba umbali anaoweza kugonga sahani kila mara, akihema, bila benchi, ndio mpaka wake mlimani. Akilala na bunduki juu ya begi, yadi 200. Akikaa chini, 150. Akisimama hakuna ruhusa. Tuliyaandika hayo kwa kalamu kwenye mkanda uliobandikwa kitakoni mwa bunduki, kwa sababu nafsi ya mtu anayeona pembe si ile iliyokuwa uwanjani.

Waislamu wanaotaka kuwinda kwa mpango kama huu waongeze jambo moja: jina la Mwenyezi Mungu hutajwa wakati wa kufyatua, na mnyama akikutwa bado hai anachinjwa, hivyo kisu kikali kiwe mahali mkono unapofika mara moja.

Kuhusu tarehe, marafiki wote walimwambia aombe ruhusa kazini kwa siku ya kwanza ya msimu. Nilimshauri aache. Siku ya kwanza, maegesho yote ya Barabara ya 21 hujaa kabla ya alfajiri. Zamu yake ilimpa mapumziko Jumanne na Jumatano, siku ambazo watu wa ofisini hawapo, na tukachukua hizo katika wiki ya pili.

Jumanne asubuhi, kwenye sehemu ya kwanza, tulikuta hema na trela ya farasi. Hatukujadiliana. Tukageuza gari hadi sehemu ya pili, na hapa ndipo ukaguzi wa Septemba ulipolipa: tulijua njia hata bila tochi kali. Asubuhi nzima tuliona majike na watoto wao, basi. Saa nne tukaondoka kama ilivyoandikwa, ingawa shemeji alitaka kubaki. Jioni, zikiwa zimebaki dakika chache za muda halali wa kupiga, ambao Idaho huisha nusu saa baada ya jua kuzama, dume akatoka kwenye miti. Kipima umbali kikasoma yadi 380.

"Shemeji, yule pale! Anatuangalia."

"Soma mkanda."

Aliusoma, akanyamaza, na nadhani alinichukia kidogo. Lakini uamuzi mkubwa wa safari haukuwa ule wa kutopiga. Ulikuwa wa kutomfuata. Tulisubiri giza liingie kabisa, tukashuka upande wa pili bila kuwasha taa. Dume ambaye hajasumbuliwa ana kila sababu ya kulala kwenye miti ile ile na kula kwenye vichaka vile vile. Aliyeshtuliwa anaweza kuwa korongo la tatu asubuhi.

Jumatano tulihamisha kiti. Badala ya kutazama kutoka ng'ambo, tulikaa kwenye tandiko, yaani sehemu iliyobonyea ya mgongo wa kilima, kati ya chakula na kivuli, chini kidogo ya njia yake, hewa ya alfajiri ikitujia usoni kutoka juu. Kulikuwa na mwanga wa kutosha kusoma rangi ya majani alipotokea akirudi kitandani, hana haraka, pembe za ncha mbili kila upande. Kitabu cha kanuni za mwaka huo kiliruhusu dume mwenye pembe, kwa hiyo ukubwa haukuwa swali. Shemeji alikuwa amelala, begi mbele yake. Yadi 140. Dume alisimama ubavu wazi, risasi ikaingia nyuma ya bega, akaenda hatua chache na kuanguka kwenye vichaka. Tulikaa nusu saa kwa saa ya mkononi, kwa sababu mnyama aliyelala akifuatwa mapema huweza kuinuka na kwenda mbali.

Kilichofuata ndicho tulichokipanga kwanza. Tagi ilikatwa na kufungwa kabla ya kisu kutoka. Hatukufungua tumbo pale. Tulichuna upande mmoja, tukatoa mkono, paja na sarara, tukamgeuza, tukarudia upande wa pili, na nyama ikaingia kwenye mifuko ya kitambaa inayopitisha hewa. Kiungo cha kuthibitisha jinsia kiliachwa kimeshikamana na paja moja kama kanuni inavyotaka. Mifuko ilitundikwa kwenye kivuli upande wa kaskazini wakati tunabeba mzigo wa kwanza, na yote ilikuwa kwenye makasha yenye barafu kabla ya saa saba mchana. Sampuli ya tezi za shingo tuliipeleka kupimwa ugonjwa wa kudhoofisha kulungu, uliogunduliwa mara ya kwanza Idaho mwaka 2021 kwenye Kanda ya 14. Mtu hajathibitishwa kuambukizwa, lakini ushauri wa wataalamu wa afya ni kutokula nyama ya mnyama aliyepatikana nao, kwa hiyo nyama ilingoja majibu kwenye friza.

Nikikitazama kisa hiki kwa jicho kali, bahati ilikuwa na sehemu yake. Dume angeweza kupita mita mia juu yetu. Kama sehemu ya pili nayo ingekuwa imeshikwa na watu, tungeishia kwenye ile isiyo na kiti, na sioni tungepata nini. Sehemu ya mpango ninayoiona dhaifu ni idadi: sehemu tatu kwa siku mbili, moja ikiwa mbovu, ni chache kwa kanda yenye watu wengi hivyo. Nne zenye viti ingekuwa haki zaidi. Vipimo vya kubeba na vya kupiga, hata hivyo, nisingevigusa. Lile dume la yadi 380 lilikuwa jaribio lao, na kulungu tuliyembeba asubuhi iliyofuata alikuwa, kwa kadiri tulivyoweza kuona, ndiye yule yule.

Sasa shemeji anataka Novemba, wakati madume yanatembea mchana. Hilo kwa sehemu kubwa ni la bahati nasibu, na maombi ya kulungu Idaho hupokelewa kuanzia Mei 1 hadi Juni 5. Nimemwambia ajaze, na wakati huo huo aanze kutafuta sehemu ya nne.